Fundi wa Milango na Mistari Iliyokatika

Fundi wa Milango hakuweza kula juu ya mkeka uliotandikwa upogo. Utamkuta karamuni, sinia imeshawekwa, mikono ya watu imeshanyooshwa, naye ameinuka ameshika pembe ya mkeka, avuta.

"Inukeni kidogo, jamaa. Inukeni. Hamuoni mumekaa kama mbuzi walioshikwa na mvua?"

Watu wazima na heshima zao wakainuka, matonge mkononi. Akishaulinganisha mkeka na ukuta ndipo aseme bismillahi, na wali wenyewe umeshapoa. Msikitini ilikuwa hivyo hivyo. Imamu akigeuka kusema "Nyosheni safu," yeye alidhani ameambiwa yeye peke yake, na kwa niaba ya wote. Atapita akiwasukuma watu visigino mpaka imamu amwambie kwa sauti ya chini, "Fundi, wakati wapita."

Huyo ndiye ninayemwandika. Jina lake silitaji. Watu wa mtaa wa Kuze wanaomjua wanamjua, na wasiomjua jina halitawafaa kitu. Majina nitakayoyataja ni ya wale waliomtoa katika karakana yake: Seif bin Ghalib, kontrakta wa stima, na Sheikh Nasoro, mwenye nyumba ya Ndia Kuu. Nimewataja mapema nisije nikasahau kwa hasira. Mimi si mtu wa kuandika. Chuo cha Kurani nilikaa kidogo nikatoka, herufi za Kizungu nimezisoma ukubwani, juu ya masanduku ya bidhaa, na atakayeona kosa humu alisahihishe kimya kimya.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chini ya nyumba ya Sheikh Nasoro. Babake Sheikh ndiye aliyemweka pale, kwa neno la mdomo tu: kaa, nitunzie milango ya nyumba yangu. Hapakuandikwa chochote. Baba akafa, mwana akarithi nyumba, na Fundi akaendelea kukaa kwa neno lile lile. Alikuwa na mke na chumba cha kulala mtaa wa nyuma, lakini ukimuuliza akaa wapi alikutajia karakana. Mbao zake zilikuwa mle, violezo vya milango aliyoichonga tangu ujana vilining'inia ukutani mle, na marafiki zake walijua kumtafuta mle tu. Mtu mwingine ukimtoa chumbani atatafuta chumba. Yeye ukimtoa pale umemvua nguo. Hilo Sheikh Nasoro alilijua.

Kwa wateja hakuwa na ulimi mzuri. Nakumbuka tajiri mmoja wa nguo alikuja na haraka zake.

"Mlango wangu nautaka Ijumaa, Fundi."

"Ijumaa ipi?"

"Hii yaja."

"Basi kanunue pazia."

Na yule tajiri hakwenda popote. Alikaa, akanywa kahawa, akangoja mlango wake mpaka mwanawe akaota ndevu. Maana kazi ya Fundi ilikuwa kazi. Unaweza kusimama mbele ya mwimo aliouchonga ukaufuata ule mnyororo wa nakshi kwa kidole, kutoka chini ukapanda, ukavuka juu ya kizingiti, ukashuka upande wa pili, na kidole kisikwame mahali.

Hapo nieleze jambo, kwa sababu bila hilo mengine hayatafahamika. Wachongaji wa mji wetu wakiletewa mchoro, huletewa umechorwa kwa mkaa, na mkaa hufutika ndiani. Basi kuna adabu. Fundi akipokea mchoro akaona mstari umekatika, huuunga kwanza, kabla hajashika patasi, wala hamuulizi mwenye mchoro. Kumuuliza ni kama kumwambia, mkono wako watetema. Akiona upande mmoja wa ua ni mrefu na wa pili mfupi, husawazisha. Akiona kibanzi cha mstari kimesimama peke yake, hukilaza mahali pake. Hufanya haya kimya, na mwenye mchoro akija kuuchukua hushukuru kimya. Hivyo ndivyo alivyofunzwa, na waliomfunza walifunzwa hivyo.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana, kama kila mtu, ila yake yalikuwa na kelele zaidi. Alihubiri subira mchana kutwa, na kikombe cha kahawa hakuwahi kukingoja kipoe. Ulimi wake uliishi umebabuka. Alichukia umbeya, na hapakuwa na habari Mombasa isiyopita karakana kwake kabla ya kwenda kwa mwenyewe. Alithubutu kumfukuza hata simba wa maneno kama yule kadhi mstaafu wa mtaani kwetu, lakini kuku akiingia karakana, Fundi yuko juu ya meza. "Mtoe! Mtoe huyo! Ana mato ya mtu, yuwanitazama!" Na kila kilichotoka meli za Wazungu alikidharau. Reli aliiita birika. Baiskeli aliiita msiba. Mpaka siku alipoletewa ramani ya waya.

Miaka ile ndiyo stima ilikuwa yaanza kuingia majumbani, na si majumba mengi. Sheikh Nasoro alikuwa anamwoza bintiye, na akataka harusi iwe na taa za stima, na mlangoni kengele ya kubonyeza, inayolia juu ghorofani. Kazi akapewa Seif bin Ghalib. Seif alisema kwamba ameyasoma mambo ya stima Bombay. Fundi aliposikia alisema, "Bombay ni mji mkubwa. Huenda alisoma kitu kingine."

Mimi, jirani yake Fundi mtaa wa nyuma, nilikuwa mvuta waya wa Seif. Tulikuwa makundi mawili, la juu na la chini, na ramani ilikuwa moja, karatasi nyembamba ya buluu iliyotoka ng'ambo pamoja na vifaa. Kwa jasho letu ilianza kulegea kama mkate wa maji. Ndipo Seif akaingia karakana, nami nyuma yake.

"Fundi, sabalkheri."

"Kheri. Utaukanyaga ubao wangu huo."

"Nna mchoro hapa nataka uninakilie, karatasi nzito. Wajua kuchora mistari hii?"

"Seif, wewe wajua kupumua?"

Akaichukua ramani, akaitandika mezani. Nilimtazama uso. Nilitaraji atasema msiba, birika. Hakusema. Aliinama mpaka ndevu zikagusa karatasi.

"Nani amechora hini?" akauliza mwisho.

"Wazungu wa kiwandani."

"Hawana lelemama yoyote. Tazama. Hakuna ua, hakuna jani. Ni ndia tu. Huu watoka hapa, wenda, wenda, warudi ulikotoka." Akaufuata kwa kidole, akanigeukia mimi. "Ni mnyororo, jirani. Watu hawa ni wachongaji, hawajapata mbao tu."

Kutoka siku ile hakuchonga mlango. Alinakili. Na jioni alitoka na ile karatasi ya buluu barazani kuwafundisha watu wa Ndia Kuu kusoma ramani ya stima, sanaa ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameijua tangu asubuhi.

Darasa lilijaa. Alianza na mahali mistari miwili inapopishana. Kwenye ramani ile, mstari mmoja ukikutana na mwingine bila kuungana, ulichorwa umeinuka nundu, kama umemruka mwenzake.

"Hini ni adabu," Fundi akasema. "Huyu yuwapita, na huyu yuwapita, na mmoja amempisha mwenziwe asimguse. Nyinyi hapa Ndia Kuu, mtu akipita na mzigo, nani humpisha? Na wakiungana kweli, huwekwa nukta. Nukta ni ndoa."

"Na hayo meno, Fundi?" mtu akauliza. Kulikuwa na mstari uliokwenda juu chini, juu chini, kama msumeno.

"Hapo stima huchoka. Ni kama kupanda ngazi za Sheikh."

Hapo, nasema haki, hakukosea sana. Seif mwenyewe aliniambia baadaye kwamba mahali pale huzuia stima isiende kwa nguvu. Alama ya waya kuingia ardhini, mistari mitatu inayopungua urefu kushuka chini, Fundi aliieleza kuwa ni kaburi, na wazee wakaitikia innalillahi. Duara lenye mikwaju miwili ndani yake ni taa. Na mistari miwili imesimama ubavu kwa ubavu, mmoja mrefu mmoja mfupi, ndiyo betri, ile mitungi ya gilasi yenye maji makali ya kuendeshea kengele. Hapo Fundi alitikisa kichwa kwa huruma.

"Masikini. Mkono ulimchoka hapa."

Sasa mwanafahamu yaliyokuja. Alinakili ramani yote kwa wino mweusi, mistari imenyooka hata ukitazama wasikia raha. Taa akaziona ziko uchi, akazifanya mawaridi, kila waridi na majani manane. Betri akazisawazisha, mrefu na mfupi wakawa ndugu wa kimo kimoja. Hayo hayakudhuru: waridi tulijua ni taa, na mitungi ilikuwa na alama zake yenyewe. Lakini kwenye ramani ya buluu palikuwa na mahali pengi ambapo mstari ulikatika, na penye mkato kibanzi kidogo kimeinuka upande, kama mlingoti uliolala. Pale ndipo pa swichi. Na palipokatika chini karibu na mlango wa nyumba ndipo pa kitufe cha kengele.

Fundi akaiunga yote. Kila mkato. Vibanzi akavilaza mahali pake. Hakumwambia mtu, ndiyo adabu yenyewe. Mwisho akaizungushia ramani nakshi pande nne, akaipeleka juu.

Sheikh Nasoro aliipenda mpaka akasimama. Alikuwa mtu mnene mwenye heshima nyingi, na kusimama si jambo alilolifanya ovyo.

"Seif, hini ndiyo ramani? Ile yako ya kwanza ilikuwa ramani ya maskini."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Seif bin Ghalib aliposimama, na nilikuwapo. Aliishika ile nakala kwa mikono miwili. Aliitazama juu, akaitazama chini. Akatikisa kichwa kama mtu anayesoma. Akasema, "Sahihi kabisa. Kila kitu mahali pake." Akaturudishia tufuate. Sheikh akaagiza kazi ikiisha itiwe fremu, iangikwe sebuleni.

Tukavuta waya. Niliambiwa fuata mstari, nikafuata mstari. Haukukatika mahali, na waya wangu haukukatika mahali. Tulipomaliza tukakuta sanduku zima limebaki, limejaa vidude vyeupe vya kauri vyenye ulimi wa shaba.

"Bwana Seif, hivi je?"

Akavitazama. Akavigeuza. "Hivyo ni vya akiba," akasema.

Na kile kitufe cha kengele, kwa kuwa kilikuwa kizuri na ramani haikukipa mahali, Seif alituambia tukipigilie mlangoni. Tukakipigilia kama pambo, hakina waya wowote nyuma yake.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, Seif akaunga mtungi wa mwisho wa betri. Kengele ikalia.

Watu wakapiga makofi. Mamake Sheikh, Bi Zuhura, bibi mkongwe mwenye sauti ya nahodha, akaita kutoka juu, "Mgeni huyo! Mfungulieni!" Mtumishi akashuka, akafungua. Hapana mtu. Akafunga. Kengele yalia. Akafungua tena.

"Bi, hapana mtu!"

"Hunambii hapana mtu na mimi namsikia! Mwambie aingie, asiikamie kengele kama mdai!"

Wageni wakaanza kuja kweli. Kila aliyefika alikiona kitufe, akakibonyeza, akasikia kengele, akafurahi, akabonyeza tena. Mzee mmoja alikibonyeza, akatoa kidole, kengele yaendelea. Akarudisha kidole akidhani amekosea kukitoa. Akasimama pale kidole kimebonyeza, aita, "Nimenasa! Nimenasa!" Juu wanawake waliokuwa wakimpamba bibi harusi walianza kusoma Ayatul Kursi. Mswaki wa mtu ulimtumbukia kisimani kwa mshtuko. Bwana harusi alifika na watu wake na dufu, na dufu halikusikika.

Magharibi ikaingia, stima ya mtambo ikaanza kuja, na taa zote za nyumba zikawaka kwa mara moja. Hapo tulishukuru, tukasema alhamdulillahi, angalau. Sheikh akatoka sebuleni na furaha yake, akasema, "Seif, waoneshe watu unavyozima na kuwasha."

Seif akatazama ukuta. Akatazama ukuta wa pili. Alitembea chumba kizima akipapasa kuta kama mtu aliyepotelewa na mlango kizani, na mwanga ulikuwa mwingi kupita wa mchana.

"Yazima wapi?" Sheikh akauliza.

"Taa za kisasa," Seif akasema, "hazizimwi."

"Hazizimwi?"

"Hazizimwi, Sheikh. Ndiyo ukisasa wenyewe."

Ni Bi Zuhura aliyemaliza maneno. Alishuka ngazi mwenyewe, kwa kisu cha kupasulia nazi, akaufuata mlio kwa sikio mpaka kwenye ile mitungi, akaukata waya. Kimya. Mpaka leo sijapata kusikia kimya kitamu vile. Mtu mmoja akaanza kulia kwa raha.

Na katika kimya kile, kengele ikalia tena. Mara moja, kidogo, ikanyamaza.

Tukageuka. Fundi wa Milango alikuwa amechutama penye mitungi, na joho lake la harusi, kila mkono una ncha ya waya. Akazigusanisha. Kengele. Akazitenga. Kimya. Kengele. Kimya.

"Fundi, wacha!"

Kengele.

"Fundi, wallahi nitakukata na wewe!" Bi Zuhura akasema.

Hakusikia. Alikuwa mbali. Alizitua zile ncha taratibu, akainuka, akaenda sebuleni. Ramani yake ilikuwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu. Akasimama mbele yake, mimi pembeni, na nikaona uso wake umebadilika rangi.

"Jirani," akaniambia, "ule mkato haukuwa kosa. Waliukata makusudi."

"Naona, Fundi."

"Ule ni mlango." Akaweka kidole juu ya mstari aliouunga. "Ni mlango wa kiwendawazimu, ukiufungua hapiti kitu, ukiufunga ndipo wapita. Lakini ni mlango. Na huyu kibanzi ni ubao wake, umeachwa wazi. Wamechora nyumba nzima na milango yake, nami nimepita nikiziba mmoja mmoja." Akanigeukia. "Mimi, jirani. Mimi."

Nilitaka kucheka, na ningecheka, kama si kuwa nyuma yetu Seif alikuwa amesimama, na amesikia.

Asubuhi Sheikh Nasoro alituita barazani. Hakuwa amelala, hakuna aliyelala katika nyumba ile yenye mchana usiku kucha. Akaweka ramani mbili mbele yake, ya buluu na ya mawaridi.

"Nani ameniaibisha?"

Seif akawa wa kwanza. "Sheikh, ramani yangu ni hii ya buluu, nzima. Nilimkanya huyu mzee asiguse kitu. Kwa mdomo wangu nilimkanya. Amegeuza kwa kiburi chake."

"Muongo!" nikasema mimi. Sikungoja kuulizwa. "Uliishika ukasema sahihi kabisa. Na sanduku zima la swichi ukasema za akiba!"

"Wewe ni mvuta waya. Vuta waya."

Nikamgeukia Fundi. "Sema, Fundi. Sema Seif aliiona akaipitisha."

Kazi ilikuwa hiyo tu, kusema hivyo. Karakana yake ilikuwa mikononi mwa neno lile. Sheikh alikuwa akimtazama, nadhani hata alitaka asikie hivyo. Na yule mtu, aliyeweza kumfukuza tajiri kwa pazia, akasafisha koo lake akasema:

"Mikato nimeiunga mimi. Hakuna aliyeniambia niunge, na hakuna aliyenikanya. Seif hakunikanya, kwa sababu Seif hakujua kama ni mlango. Hatukujua sote wawili. Tofauti ni kwamba mimi sasa najua. Sheikh, niachie leo niichore tena, nitawaonesha vijana mahali pa kila swichi."

Ndivyo alivyojitetea. Akataka kazi zaidi.

Sheikh Nasoro alizitazama zile ramani mbili. Mimi najua alichokuwa akikipima, na nakiandika hapa. Mtu aliyeitia ramani ile fremu ya dhahabu ni yeye. Aliyewaambia wageni "tazameni kazi hii" ni yeye. Na stima ya nyumba ilikuwa mikononi mwa Seif, hapakuwa na kontrakta mwingine wa kumaliza kazi. Fundi alikuwa na milango tu, na milango ilikuwa imeshakwisha kuchongwa.

"Fundi," akasema, "tafuta mahali pengine."

Hakusema zaidi. Neno la babake lililokaa miaka yote ile lilivunjwa kwa maneno matatu, na kahawa ikaletwa. Seif akanywa. Nilimwona akinywa.

Tulihamisha mbao kwa gari la mkono. Fundi alitembea mbele akiwaamkia watu kama mtu aendaye kutembea, na kila aliyemuuliza alimwambia, "Nahama, kule nilikotoka kuna kuku." Mimi Seif alinitoa kazini siku ile ile. Na vita vya Wazungu vilipokuja, na serikali ikataka watu wa kubeba mizigo, jina langu lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo, na aliyelitoa ni Seif bin Ghalib. Nimeambiwa na aliyekuwapo. Ya vitani siyaandiki. Walikwenda wengi kutoka mitaa yetu, nami nimerudi, na miguu yangu ya kulia na kushoto haisikilizani.

Niliporudi nilimtafuta. Nilimkuta Mwembe Tayari, chini ya bati, mahali pa joto na vumbi, apiga masanduku ya kutilia bidhaa. Masanduku! Mkono ule. Alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe pe, na alinitazama kama niliondoka jana.

"Jirani. Umerudi. Keti, ila si hapo, hapo pana gundi."

Nikaketi. Nikamwambia habari za kwetu, nikamlaani Seif, nikamlaani Nasoro, kwa mpango, mmoja mmoja. Alisikiliza huku apiga misumari. Sikuwa nimemaliza kumlaani Nasoro liliposimama gari la kusukumwa na watu, na Nasoro mwenyewe ndani yake, mwavuli juu, jasho lamtiririka. Alikuwa amezeeka.

"Fundi, asalaam alaikum."

"Alaikum salaam, Sheikh. Karibu. Si hapo, hapo pana gundi."

Sheikh akabaki amesimama. Akatazama masanduku. "Kile chumba," akasema, "ki tupu. Nilikitia magunia. Nimeyatoa." Akapangusa uso. "Mamangu asema hataki kufa katika nyumba isiyo na kelele ya patasi. Kila siku asema."

"Bi Zuhura hajambo?"

"Hajambo kabisa. Ndiyo taabu."

Fundi akaweka nyundo chini. "Dirisha la chumbani mumelifanyaje?"

"Tulilipigilia mbao. Kwa ajili ya wezi."

"Kwa misumari?"

"Kwa misumari."

"Katika mwimo wangu?" Fundi akainuka. "Misumari ya chuma, katika mwimo wa mvule, uliochongwa?" Na akaanza kutia patasi zake kapuni.

Sikuweza kuvumilia. "Fundi! Hajakuomba radhi. Seif bado ana kazi yake, bado apita Ndia Kuu kifua mbele. Muulize kwanza habari ya Seif!"

Sheikh akatazama chini. Fundi akanitazama mimi.

"Amepanda gari mpaka Mwembe Tayari na jua hili," akasema. "Wataka apande nini tena?"

"Mimi singerudi."

"Wewe una hasira, jirani, na hasira yabebeka popote. Meza yangu haibebeki. Shika kapu."

Nikashika kapu. Sheikh alikwenda kwa gari, sisi kwa miguu, na ndia nzima Fundi alikuwa akihesabu misumari ambayo hajaiona. Tulipofika hakuamkia mtu. Aliingia moja kwa moja, nikasikia koleo ikifanya kazi kwa ndani, na mbao za dirisha zikaanza kutikisika.

"Jirani, njoo ushike ubao huu, utauangukia mwimo."

"Siingii nyumba ya Nasoro," nikasema.

"Basi shika ukiwa nje."

Nikaweka kapu chini, nikaushika nikiwa nje, mikono juu, mguu mmoja ukitetema, watu wa Ndia Kuu wakinipita na kuniamkia na mimi siwezi kuwapa mkono, mpaka msumari wa mwisho ulipotoka.